James Augustus Grant

James Augustus Grant (Nairn, Uskoti, 11 Aprili 1827 – Nairn, 11 Februari 1892) alikuwa mwanajeshi, mpelelezi, mchoraji na mkusanyaji wa mimea kutoka Uskoti. Anajulikana hasa kama mwenzake John Hanning Speke katika safari ya miaka 1860–1863 iliyotafuta chanzo cha mto Nile. Katika safari hiyo alikwama karibu miezi mitano katika ufalme wa Karagwe, kaskazini-magharibi mwa Tanzania ya leo, kwa sababu ya ugonjwa uliouvimbisha mguu wake wa kulia na kulikunja goti lake. Maelezo aliyoandika kuhusu mguu huo huhesabiwa na waandishi wengi wa tiba kuwa maelezo ya kwanza yanayojulikana ya kidonda cha Buruli.

Maisha ya awali

Grant alizaliwa Nairn, mji mdogo wa pwani kaskazini mwa Uskoti, ambako baba yake alikuwa mchungaji. Alisoma katika shule ya Nairn, halafu katika chuo cha Marischal mjini Aberdeen. Mwaka 1846 aliingia katika jeshi la Uhindi lililokuwa chini ya Kampuni ya Uingereza ya Uhindi wa Mashariki. Alipigana katika vita ya pili dhidi ya Masingasinga na alikuwepo Multan na Gujrat. Mwaka 1857, wakati wa maasi makubwa ya Uhindi, alishiriki katika mapigano ya kuwaokoa Waingereza waliozingirwa Lucknow. Huko alijeruhiwa vibaya mkono wa kulia na kupoteza sehemu ya vidole vyake. Hata hivyo alibaki mchoraji mzuri, na picha nyingi za rangi alizochora Afrika alizichora baada ya jeraha hilo.

Akiwa Uhindi alifahamiana na Speke, ofisa mwenzake aliyependa uwindaji kama yeye. Speke alipopewa na Shirika la Kifalme la Jiografia la London jukumu la kurudi kwenye ziwa aliloliona mwaka 1858 na kuliita Victoria, Grant aliomba kwenda naye, akakubaliwa kama msaidizi. Katika miaka iliyofuata hakuwahi kudai cheo kikubwa zaidi ya hicho.

Kutoka Zanzibar hadi Karagwe

Wasafiri hao wawili waliondoka Uingereza mwishoni mwa Aprili 1860, wakapitia Rasi ya Tumaini Jema na kufika Zanzibar mwezi Agosti. Katika kisiwa hicho Grant alipiga picha kadhaa kwa kamera, ambazo ni kati ya picha za zamani zaidi za Zanzibar. Mwanzoni mwa Oktoba msafara ulianza kutembea kutoka Bagamoyo ukiwa na wapagazi, askari wa Sultani, nyumbu na punda. Kiongozi wa watu alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuwa mtumwa Uhindi na aliyemfahamu Speke kutoka safari ya awali. Pamoja naye alikuwepo Baraka, mtu mwenye akili na maneno mengi aliyegombana na Bombay mara kwa mara.

Walifika Kazeh, karibu na Tabora ya leo, Januari 1861. Hapo safari ilikwama kwa miezi mingi. Kulikuwa na njaa, vita kati ya wafanyabiashara Waarabu na Manwa Sera aliyekuwa mtemi wa Unyanyembe, wapagazi waliotoroka, na machifu waliodai hongo kila hatua. Katika muda huo Speke na Grant walitenganishwa mara kadhaa, na Grant alishambuliwa na kuibiwa mizigo. Walipovuka mpaka wa Karagwe mwezi Novemba 1861 hali ilibadilika ghafla. Hapakuwa na madai ya hongo, na chakula kilitolewa kwa amri ya mfalme.

Mfalme huyo alikuwa Rumanyika, wa ukoo wa Wahinda, ambaye ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Ufalme wake ulienea katika nchi ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi Kyerwa ilipotengwa mwaka 2012. Tarehe 25 Novemba 1861 wageni walifika mbele yake. Kutoka kambi yao waliona ziwa dogo lililozungukwa na vilima, nao wakaliita Windermere Ndogo kwa kumkumbuka ziwa la Uingereza. Wote wawili waliandika kwamba Rumanyika alikuwa mtu mpole, mdadisi na mwenye ukarimu kuliko mtawala yeyote waliyekutana naye njiani.

Mguu

Mnamo Desemba 1861 mguu wa kulia wa Grant ulianza kukakamaa na kuvimba kuanzia juu ya goti. Maumivu yalikuwa makali na yaliandamana na homa. Mguu ulichanjwa, na maji mengi yakatoka, akapata nafuu kidogo. Kisha yakaja majipu mengine, na kila jipu likahitaji kuchanjwa upya. Hali hiyo iliendelea kwa takriban miezi mitatu. Kila siku Grant alilazimika kuukamua mguu kwa mikono yake mwenyewe ili kutoa usaha uliojaa ndani. Alidhoofika sana, goti likakunjika na kukataa kunyooka, na kutembea kukawa jambo lisilowezekana.

Msafara haukuwa na daktari. Watu waliomzunguka walijaribu kumsaidia kila mmoja kwa elimu aliyokuwa nayo, na Grant aliyaandika yote kwa makini bila dharau. Bombay alijua dawa ya kubandika iliyotengenezwa kwa kinyesi cha ng'ombe, chumvi na tope la ziwani. Ilibandikwa ikiwa ya moto, lakini ilipokauka ilibana tu kama bendeji iliyokazwa. Baraka alikuwa na hakika kwamba nyoka alikuwa ameutemea mguu mate, kwa kuwa hapakuonekana alama ya meno. Nnanaji, ndugu wa mfalme aliyekuwa mganga, alisema anaufahamu ugonjwa huo na kwamba angeleta tiba.

Aliyetumwa alikuwa Mnyambo wa kawaida, mkulima mpole, aliyekuja na mke wake kijana. Mganga huyo aliupapasa mguu kwa uangalifu mkubwa, akachanja ngozi kwa kisu kidogo, kisha akawatoa watazamaji wote nje ya nyumba. Mke wake akafungua jani la mgomba lililokuwa na dawa nyeusi ya kupaka, ambayo ililainishwa kwa mate na kusuguliwa katika chale zilizokuwa zikitoka damu. Baadaye kipande cha jiwe kilifungwa mguuni kama hirizi. Grant hakuona badiliko, ila aliukumbuka mkono wa mtu yule kwa wema. Ni jambo la kutajwa, kwa sababu wasafiri wa Ulaya wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kuwasifu waganga wa Kiafrika.

Wakati huohuo wajumbe wa Kabaka Mutesa wa Buganda walifika kumchukua Speke. Ilielezwa kwamba desturi ya Buganda haikuruhusu mgeni mgonjwa kuingia nchini. Tarehe 10 Januari 1862 Speke aliondoka, na Grant akabaki Bweranyange na watu wachache, chini ya ulinzi wa Rumanyika. Mfalme na wanawe walimtembelea, wakamletea chakula na kuzungumza naye. Kutoka kitandani Grant alisikiliza ngoma za ikulu katika sherehe za mwezi mwandamo, akaandika mambo ya mavazi, mazao, pombe ya ndizi na maisha ya ng'ombe, na akawaomba watu wamletee mimea na wanyama ambao hakuweza kuwafuata mwenyewe. Kwa hiyo sehemu kubwa ya habari zake kuhusu Karagwe ni habari za mtu aliyelala, anayeona nchi kupitia mlango wa nyumba na kupitia wageni wanaoingia.

Mwezi wa tano wa ugonjwa, uvimbe na usaha vilikwisha vyenyewe. Akaweza kutolewa nje na kuliona tena ziwa na vilima.

Ugonjwa gani?

Kidonda cha Buruli husababishwa na bakteria Mycobacterium ulcerans, wa jamii moja na bakteria wa kifua kikuu na ukoma. Bakteria hao hutoa sumu inayoua mafuta na tishu chini ya ngozi. Mara nyingi ugonjwa huanza kama uvimbe mdogo usiouma, lakini aina yake kali huvimbisha mkono au mguu mzima. Daktari Albert Cook aliona vidonda vya namna hiyo katika hospitali ya Mengo, Uganda, mwaka 1897. Mwaka 1948 Peter MacCallum na wenzake nchini Australia ndio waliotangaza kwamba chanzo chake ni bakteria huyo. Jina la Buruli linatokana na eneo la Uganda lililo karibu na mto Nile, ambako wagonjwa wengi walichunguzwa katika miaka ya 1960.

Waandishi wa tiba waliposoma upya kitabu cha Grant waliona kwamba uvimbe wa mguu mzima, ukakamavu, usaha mwingi uliofuata, muda wa miezi kadhaa na kupona bila dawa vinalingana na aina hiyo kali. Haiwezi kuthibitishwa, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kupima. Maumivu makali na homa vinaweza pia kutokea katika maambukizi ya mfupa au ya misuli. Hata hivyo maelezo yake hutajwa karibu kila mahali historia ya ugonjwa huu inapoandikwa.

Kinachoeleweka bila shaka ni kilichotokea kwenye goti. Mtu mwenye uvimbe na maumivu karibu na goti hulikunja, kwa sababu likiwa limekunjwa kidogo huuma kidogo. Akilala hivyo wiki baada ya wiki, misuli ya nyuma ya paja hufupika, kifuko cha kiungo hukaza, na kovu linapoanza kujivuta huzidi kulifunga goti katika mkunjo ule ule. Maradhi huondoka lakini kiungo hakirudi. Ndiyo maana leo matibabu ya kidonda cha Buruli hayaishii kwenye antibiotiki, ambazo kwa kawaida ni rifampisini pamoja na klarithromaisini kwa majuma 8. Mtaalamu wa fiziotherapia hutakiwa kuanza kazi mapema, hata kabla kidonda hakijafunga. Mguu hulazwa ukiwa umenyooka, bila mto chini ya goti ingawa mgonjwa huupenda mto huo. Kiungo huchezeshwa kila siku hadi mwisho wa uwezo wake, uvimbe hupunguzwa kwa kuinua mguu na kufunga bendeji, na inapohitajika banzi huwekwa usiku ili kuzuia mkunjo. Mgonjwa husimamishwa na kutembezwa mara anapoweza. Kanuni hizo hizo hutumika kwa waliovunjika, walioungua na waliopooza baada ya kiharusi, kwa kuwa kiungo kisichochezeshwa hukaza bila kujali sababu iliyokilaza.

Mwaka 1862 elimu hiyo haikuwepo Karagwe, na hata Ulaya haikuwa bado kazi ya kitaaluma. Waliomwuguza Grant walishughulikia usaha, maumivu na sumu ya nyoka waliyoidhania. Goti halikuwa na mtu wa kulishughulikia.

Safari juu ya machela

Tarehe 14 Aprili 1862 Grant aliaga Bweranyange. Hakuweza kutembea, hivyo aliwekwa juu ya machela ya fito iliyobebwa vichwani na Waganda wanne. Walikwenda mbio, wakicheka na kubadilishana zamu, na kila mtikisiko ulimchoma mguuni. Jambo lililomsumbua karibu sawa na maumivu ni kwamba walimbeba kichwa kikitangulia, hivyo akaona nchi aliyoiacha badala ya nchi aliyokuwa akiiendea. Aliwaomba wamgeuze, wakakataa.

Njia ilipita Kitangule, ambako waliuvuka mto Kagera kwa mtumbwi, kisha ikaendelea kaskazini magharibi mwa ziwa. Alianza kusimama na kuchechemea hatua chache kwa siku. Tarehe 27 Mei 1862 alikutana tena na Speke katika makao makuu ya Mutesa, baada ya zaidi ya miezi minne ya kutengana.

Mwezi Julai walipata ruhusa ya kuondoka. Mpango ulikuwa kuufikia Nile mahali unapotoka ziwani. Lakini kituoni Kari, Speke aliamua kwenda haraka mashariki kuelekea mtoni, na Grant aende moja kwa moja kwa Kamurasi, mfalme wa Bunyoro, akiwa na mizigo, ng'ombe na wanawake wa msafara. Sababu iliyotolewa ni mguu. Speke alitaka mwendo wa kasi, na Grant alikiri kwamba kwa hali yake asingeweza kutembea maili 20 kwa siku. Tarehe 28 Julai 1862 Speke alisimama mbele ya maporomoko aliyoyaita Ripon, penye mji wa Jinja wa leo, ambapo maji ya ziwa yaliingia mtoni. Grant hakuwepo.

Wanahistoria kadhaa wamemlaumu Speke kwa uamuzi huo, wakisema alitaka sifa peke yake na kwamba siku chache za kusubiri zisingeharibu kitu. Grant alikataa tafsiri hiyo maisha yake yote. Aliandika kwamba alikubali kwa hiari, na hakuna mahali alipomtupia mwenzake lawama. Msomaji anaweza kumwamini au kumwona mtu mwenye uaminifu uliopita kiasi. Vyovyote iwavyo, baada ya karibu miaka miwili ya safari alikikosa kile walichokuja kukitafuta, na aliyemzuia alikuwa goti lake.

Speke na Grant walikutana tena Agosti, wakakaa kwa Kamurasi hadi Novemba, na tarehe 15 Februari 1863 wakafika Gondokoro katika Sudan Kusini ya leo, walikompata Samuel Baker akija kuwatafuta. Sehemu hiyo ndefu ya njia Grant aliitembea. Kutoka Gondokoro walishuka mto kwa mashua hadi Khartoum, kisha Misri, na mwezi Juni 1863 walikuwa Uingereza.

Baada ya safari

Mwaka 1864 Shirika la Kifalme la Jiografia lilimtunukia Grant nishani ya dhahabu. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake A Walk Across Africa, yaani matembezi ya kuvuka Afrika. Inasemekana jina hilo lilitokana na neno la waziri mkuu Palmerston, aliyemtania kuhusu urefu wa matembezi yake. Kwa mtu aliyevushwa sehemu ya njia juu ya vichwa vya watu jina hilo lina kichekesho ndani yake, na yaelekea Grant alikijua. Kitabu hakishughulikii ubishi wa Nile sana. Kinahusu zaidi watu, vyakula, nyimbo, kazi za mikono na mimea, na kwa historia ya Karagwe ni kimoja cha vyanzo vikuu vya maandishi vya karne ya 19.

Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo wake na Richard Burton mjini Bath. Grant alihudhuria mazishi na aliendelea kumtetea rafiki yake kwa miaka mingi. Mwaka 1865 alimwoa Margaret Laurie.

Mwaka 1868 alitumika katika idara ya upelelezi ya jeshi la Robert Napier lililovamia Ethiopia kupigana na mfalme Tewodros, akapewa nishani za heshima, kisha akastaafu akiwa na cheo cha luteni kanali. Mimea aliyokusanya ilichunguzwa Kew na kuelezwa katika juzuu ya 29 ya machapisho ya shirika la Linnaeus, iliyotoka kati ya 1872 na 1875 ikiwa na michoro mingi. Mwaka 1885 alichapisha kumbukumbu zake za Khartoum aliyoiona mwaka 1863. Alirudi kuishi Nairn na alifia huko akiwa na umri wa miaka 64.

Kumbukumbu

Jina la Grant limebaki Afrika ya Mashariki katika swala granti (Nanger granti), mnyama wa nyika za Tanzania na Kenya aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1872. Katika kanisa kuu la Mtakatifu Paulo mjini London kuna bamba la kumkumbuka. Shajara, barua na picha zake za rangi zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Uskoti mjini Edinburgh, zikiwa pamoja na michoro aliyoifanya Karagwe katika miezi ile ambayo hakuweza kusimama.